Usiiache Dawa, Usilinyamazie Tumbo

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashushwa.)

Wewe uliye kwenye foleni ya maji na redio yako, wewe unayechambua maharage mlangoni, na ninyi wa kambi za nchi jirani mnaotusikia, karibuni tena katika kipindi chetu cha afya.

Leo tuna swali moja tu, lakini ni zito. Limeletwa na mama mmoja wa hapa kambini. Mdogo wake wa kiume alipata nafasi ya kuhamia Marekani. Akiwa huko figo zake zikashindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine, na mwaka huu akapandikizwa figo ya mtu mwingine. Familia ikashukuru Mungu. Sasa ametuma ujumbe wa sauti. Wiki ya tatu hii tumbo linamwendesha, mara sita hadi nane kwa siku. Anasema: "Dada, hizi dawa ndizo zinanimaliza. Nataka nizipumzishe kidogo. Nitumie ile mizizi ya nyumbani."

Mama amekwisha kununua mizizi, na mtu wa kuibeba amepatikana. Anatuuliza: niitume, au nisiitume?

Mama yangu, jibu ninakupa mwanzoni, halafu nitaeleza. Usiitume. Na leo hii mpigie mdogo wako umwambie mambo mawili: asiache dawa hata siku moja kwa uamuzi wake mwenyewe, na awapigie leo leo watu wa hospitali iliyompandikiza figo.

Kwa nini asiache? Mwili una askari wake, tunawaita kinga. Askari hawa hupigana na kila kigeni kinachoingia. Figo ya mtu mwingine, hata ikiwa nzima kabisa, kwao ni mgeni. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika mjini Boston, Desemba 1954. Aliyetoa na aliyepokea walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hiyo kinga ya mpokeaji haikuiona figo ile kuwa ngeni. Wengi wetu hatuna pacha wa namna hiyo. Ndiyo maana aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kutuliza kinga kila siku, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Akiziacha, askari huamka na kuishambulia figo. Anaweza kuipoteza na kurudi kwenye mashine.

Sasa, je, ni kweli dawa hizo zinaweza kuharisha? Ndiyo, huyo mdogo wetu hasemi uongo. Moja inayojulikana sana kwa jambo hili ni mikofenoleti. Dawa hii huzuia chembe za kinga zisizaliane haraka. Lakini utando wa ndani wa utumbo nao hujitengeneza upya kila mara, kwa hiyo nao huguswa. Nyingine ni takrolimasi. Hii nayo inaweza kuvuruga tumbo, na ina hatari ya ziada: mtu akiharisha sana, kiasi cha takrolimasi kwenye damu kinaweza kupanda ingawa anameza vidonge vilevile. Ikizidi, inaiumiza figo ileile iliyokusudiwa kulindwa. Kwa hiyo kuacha dawa ni hatari, na kukaa kimya huku unaharisha ni hatari pia.

Lakini angalieni, wasikilizaji. Dawa kuweza kuharisha si ushahidi kwamba safari hii ni dawa. Mtu ambaye kinga yake imetulizwa hupata maambukizi kwa urahisi. Virusi, bakteria na vijidudu vya kwenye maji, ambavyo kwa mtu mwingine vingepita kwa siku tatu, kwake vinaweza kukaa wiki nyingi. Ndiyo maana daktari hakimbilii kubadilisha dawa. Anafuata hatua.

Kwanza anauliza: kuharisha kulianza lini? Je, kulianza baada ya dawa mpya au baada ya dozi kuongezwa? Kuna homa? Kuna damu? Pili, anapima choo kutafuta vijidudu. Tatu, anapima damu: figo inafanyaje kazi, chumvi za mwili zikoje, takrolimasi imefika kiasi gani. Nne, anataka kuona dawa zote, na ninaposema zote ni zote. Antibaiotiki huua hata bakteria wazuri wa tumboni. Metfomini, ile ya kisukari, huharisha baadhi ya watu. Vidonge vya magnesi na dawa za kulainisha choo nazo zimo. Mara nyingi mkosaji hupatikana hapa, na tumbo linatulia bila dawa za figo kuguswa.

Wakishahakikisha kwamba ni dawa ya kinga yenyewe, bado kuna njia. Dozi ya siku inaweza kugawanywa katika sehemu ndogo zaidi. Kuna aina ya mikofenoleti yenye ganda linaloyeyukia kwenye utumbo badala ya tumboni. Kwa baadhi ya watu hiyo husaidia. Daktari anaweza pia kupunguza kiasi au kubadilisha dawa, huku akiipima damu kila mara aone figo inasemaje. Hiyo ni kazi ya mwenye vipimo mkononi. Wewe na mimi kwenye simu hatuwezi kuifanya.

Na mizizi? Mama, sijaja kuidharau dawa ya wazee wetu. Wengi tumekua nayo. Lakini takrolimasi ni dawa isiyopenda kuchanganywa. Hata tunda la balungi wagonjwa hawa hukatazwa, kwa sababu hupandisha dawa hiyo kwenye damu. Ikiwa tunda linafanya hivyo, mzizi ambao hakuna aliyeupima pamoja na dawa hizi utafanya nini? Na kama mdogo wako amekwisha kunywa kitu cha aina hiyo, amwambie daktari bila aibu. Vilevile asinunue vidonge vya kufunga choo dukani kabla vipimo havijatoka. Kama ni maambukizi, kufunga tumbo kunaweza kuzidisha tatizo.

(Muziki mfupi.)

Labda unasema: mimi sina figo ya kupandikizwa, hili linanihusu nini? Linakuhusu. Hapa kambini wapo wanaomeza dawa za kupunguza makali ya VVU, wapo wa kisukari, na wengi wetu tumewahi kupewa antibaiotiki. Zote hizo zinaweza kumharisha mtu. Ninajua kinachotokea: tumbo likichafuka siku mbili, vidonge vinawekwa chini ya godoro. Ukiulizwa kituoni unasema unameza. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Rudi kituoni na pakiti zako zote na kadi yako, useme wazi: "Dawa hii inaniharisha." Hutagombezwa kwa kusema ukweli. Metfomini, kwa mfano, mara nyingi hutulia ikimezwa pamoja na chakula. Na vidonge vya jirani, hata kama mnaumwa vilevile, ni vya jirani.

Wakati unasubiri kuonwa, rudisha maji mwilini. Pakiti moja ya ORS, lita moja ya maji safi, unakunywa kidogo kidogo. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu. Usizidishe chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo ambaye daktari alimpimia maji ya kunywa, apige simu au aende kituoni mapema, asijiamulie.

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya: damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila unachokunywa, kizunguzungu ukisimama, macho kuzama, mkojo kupungua au kukauka. Na ukiharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele, usiseme ni dawa. Inaweza kuwa kipindupindu. Kimbia kituoni, hata kama ni usiku. Kwa aliyepandikizwa figo ongeza haya: kuvimba miguu, au maumivu sehemu ya chini ya tumbo pale figo mpya ilipowekwa.

Mama yangu, najua ulinunua mizizi kwa upendo. Mdogo wako yuko mbali, na mtu akiwa mbali unataka umtumie kitu cha kushika mkononi. Basi mtumie sauti yako. Mwambie: "Mdogo wangu, meza dawa yako leo, na daktari umpigie leo. Usione aibu kumwambia unaharisha mara nane." Halafu kesho mpigie tena umuulize wamemjibu nini.

Wasikilizaji, tukumbushane kabla hatujaagana. Dawa ya kila siku usiiache mwenyewe. Tumbo usilinyamazie. Na maji yanayotoka yarudishwe. Kama una swali, mpe mhudumu wa afya wa kijiji au bloku yako, atatufikishia. Hadi wiki ijayo, mimi mtangazaji wenu nasema tuchungane, na kwaherini.

(Muziki wa kufunga kipindi.)