Feri na Liko

Leo tuna neno moja, feri, na huku Likoni, Mombasa, ukilitaja lazima mtu akuulize: chombo au mahali?

Kondakta wa matatu akipaza sauti "Feri, Feri!" hakupeleki baharini, anakushusha karibu na mteremko wa kwendea chomboni. Lakini abiria akilalama kwamba feri imejaa, asemacho ni chombo chenyewe, kama MV Kwale au MV Jambo. Ukienda Dar es Salaam, chunga: kule Feri ni pahali, penye soko la samaki, na chombo kiendacho Kigamboni huitwa pantoni, nalo ni neno lililotoka Kiingereza, kama feri.

Neno feri Waingereza hulitumia pia kama kitenzi, yaani kuvusha watu au mizigo. Sisi kitenzi hicho hatukukichukua. Cha nini, na tuna kuvuka, kuvusha na kivuko? Asili ya feri ni neno la kale la kubeba na kusafirisha, ukoo mmoja na neno lao la nauli. Ajabu kidogo, maana hapa wendao kwa miguu huvuka bila kulipa.

Tamu nimeiweka mwisho. Liko, wengine husema diko, ni mahali pa kupandia na kushukia vyombo. Likoni, basi, ni penye liko. Kwa hivyo anayesema "feri ya Likoni" anataja kivuko mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hakuna anayemcheka.