Ujasiri wa Aliyedhulumiwa: Kutoka Maycomb hadi Ngarenanyuki

Katika riwaya za ubaguzi wa rangi, jambo la kuangalia mapema ni nani mwandishi amempa ujasiri. Harper Lee, katika To Kill a Mockingbird (1960), amempa wakili. Tom Robinson, kibarua Mweusi wa mji wa Maycomb, katika Alabama ya miaka ya 1930, anasingiziwa kumbaka binti wa Kizungu. Atticus Finch anapewa kesi hiyo na jaji, na anaipigania kwa dhati huku akijua itamshinda. Ushahidi uko wazi: binti alipigwa upande wa kulia wa uso, kwa hiyo mpigaji ni wa mashoto, na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Waamuzi, Wazungu watupu, wanamtia hatiani hata hivyo.

Tukio la jela ndilo linalokumbukwa zaidi. Usiku Atticus anakaa kitini mlangoni, taa ikimmulika, akisoma gazeti. Wanaume wanashuka kwenye magari kuja kumtoa mahabusu wamuue. Binti yake mdogo, Scout, anajipenyeza katikati yao, anamwona baba wa mwanafunzi mwenzake, anamsalimia kwa jina na kumpa salamu ampelekee mwanawe. Mtu huyo anaona haya, anawaondoa wenzake. Lee ameeleza vizuri jinsi umati unavyovunjika pale mmoja wao anapotambuliwa. Lakini Tom mwenyewe husikika hasa kizimbani, kisha tunaambiwa ameuawa kwa risasi akijaribu kutoroka. Watu wake, waliokuwa wamejaa roshani ya mahakama, wanasimama kwa heshima Atticus anapopita. Riwaya haikuwapa kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Kaskazini mwa Tanzania dhuluma ya aina hiyo ilihusu ardhi. Atokaye Kwa Sadala kuelekea Arusha hupita Boma Ng'ombe na kuingia tambarare ya Sanya. Ripoti ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947 ilipendekeza ukanda huo, kati ya Kilimanjaro na Meru, uwe eneo la walowezi wa Kizungu pasipo kuchanganyika na Waafrika. Wameru wa Ngarenanyuki walikuwa ndani ya ramani hiyo. Kuanzia Novemba 17, 1951, watu wapatao 3,000 walifukuzwa na nyumba zao zikachomwa moto, ili mashamba yawe ya mifugo ya walowezi.

Wameru hawakushika mikuki. Walikataa fidia, kwa kuwa kuipokea kungekuwa kukubali kuwa wameuza. Walichanga fedha na kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, uliokuwa msimamizi wa mwisho wa Tanganyika kama nchi ya udhamini. Wakili alikuwapo hapa pia: Earle Seaton, Mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Tofauti ni kwamba mlalamikaji hakukaa kimya nyuma ya wakili. Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952 na kusema mwenyewe mbele ya Baraza la Udhamini. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili katika Baraza Kuu. Kwa hesabu ya kura walishindwa, kama Atticus. Aliporudi, Kirilo alizunguka nchini akieleza kesi hiyo, miaka michache kabla TANU haijaenea vijijini.

Ismael Mbise aliigeuza historia hiyo kuwa riwaya, Blood on Our Land, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1974. Anaanza mbali, tangu enzi za Wajerumani, na huo ni uamuzi sahihi: dhuluma ya 1951 ilikuwa na mizizi. Mwaka 1896, baada ya wamisionari wawili wa Kilutheri kuuawa Akeri, jeshi la Wajerumani liliivamia Meru likifuatana na wapiganaji wa Kichagga, jambo ambalo msomaji Mchagga wa Machame au Kibosho hana budi kulisoma bila kugeuza uso. Kisanaa Lee anamzidi Mbise. Huyu historia humzidi nguvu mara nyingine, na wahusika wake hawakai akilini kama Scout. Ila kwake mwenye shamba ndiye mtetezi. Hasara kubwa zaidi iko kwingine: riwaya iliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa waliofukuzwa Ngarenanyuki walikuwa bado hai ilipotoka.