Amana Iliyo Mikononi Mwenu
Hotuba kwa waongozaji wa kozi za siku kumi katika dharmashala yetu



Katika mwaka huu wa kumbukumbu ya hekalu letu, halmashauri imekubali kuitoa dharmashala iwe mahali pa kozi za Vipassana. Tumepewa heshima ya kuwausia waongozaji kabla ya kuanza. Tunasema kwa Kiswahili kwa makusudi. Kozi hii haina mlango wa kabila wala wa dini, na ni haki ya jirani anayeishi ng'ambo ya ukuta wetu kuelewa tunayokubaliana humu ndani.

Asili ya jambo lenyewe yafaa ikumbukwe. S. N. Goenka alizaliwa Mandalay, nchini Burma, mwaka 1924, katika familia ya wafanyabiashara wa Kihindu wenye asili ya India. Alikuwa mtu wa viwanda na biashara, na aliteswa na kipandauso kisichosikia dawa. Alimwendea Sayagyi U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, aliyekuwa pia mwalimu wa tafakuri. U Ba Khin alikataa kumpokea kwa ajili ya kichwa tu, akisema njia hii ni ya kuusafisha moyo, haikuwekwa kwa ajili ya kutibu ugonjwa. Mwaka 1955 Goenka alikaa kozi yake ya kwanza. Katika miaka ya 1960 serikali ya kijeshi ilitaifisha viwanda vyake. Wazee wetu walioshuhudia majumba yakitaifishwa hapa Tanzania mwaka 1971 hawahitaji kuelezwa uzito wa siku kama hiyo. Mwaka 1969 alikwenda India, akaanza kufundisha. Kituo cha Dhamma Giri, Igatpuri, kilifunguliwa mwaka 1976. Na mwaka 1994 wafungwa zaidi ya elfu moja walikaa kozi moja katika gereza la Tihar, Delhi. Goenka alifariki mwaka 2013, lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1980 alikwisha kuwateua walimu wasaidizi waiendeleze kazi hiyo. Ninyi mmo katika safu hiyo.

Wasia wetu wa kwanza ni huu: mlichopewa ni amana. Sisi watu wa dukani twajua maana ya uwakala. Wakala hupokea mzigo ukiwa umefungwa, akaufikisha ukiwa umefungwa. Akifungua kopo na kuchanganya, hata kama alichoongeza ni kizuri, jina lililo juu ya kopo limekuwa uongo. Katika kozi hii mafundisho hutolewa kwa sauti ya Goenka iliyorekodiwa. Kazi ya mwongozaji ni kusikilizisha, kuangalia kwamba mwanafunzi ameelewa, kujibu maswali kwa saa zilizowekwa, na kukaa naye. Msiongeze mazoezi ya pumzi mliyojifunza kwingine, wala mantra, wala unajimu, wala dawa za mitishamba. Mwanafunzi asiyejua Kihindi wala Kiingereza apewe tafsiri iliyoidhinishwa. Mwongozaji asijitungie yake usiku huo huo.

Wasia wa pili unahusu jambo lililotugawa. Ratiba yasema kwamba kwa siku kumi mwanafunzi ataweka kando puja, mala, mantra, ubani na mfungo. Baadhi ya wazee wetu waliuliza, tena kwa uchungu: hekalu litawezaje kufungua mlango wake kwa watu watakaomwambia mtoto wetu aiweke chini mala ya bibi yake? Swali hilo ni la haki, na hatukulipuuza. Jibu tulilolikubali ni kwamba haambiwi aitupe. Anaombwa aijaribu njia moja peke yake, ili mwishoni ajue alichokipata kimetoka wapi. Mwenye kupima hawezi kuweka mizigo miwili juu ya mzani mmoja na kutaka kujua uzito wa kila mmoja. Goenka mwenyewe alilelewa katika nyumba ya Kihindu yenye kushika dini sana, na alisita kwa sababu hiyo hiyo kabla ya kuingia.

Kwa hiyo, enyi waongozaji, msilegeze kanuni hii ili kutufurahisha sisi wenyeji. Lakini mtuambie watu wetu waziwazi kabla hawajajiandikisha. Asiye tayari abaki nyumbani kwa amani, wala asionwe mdogo. Nanyi msiseme neno lolote la kudharau arti, murti au nadhiri ya mtu. Mala itakayokabidhiwa ofisini ifungwe katika kitambaa safi, iandikwe jina, irudishwe mkono kwa mkono.

Kwa upande wetu, tumepanga mambo yasigongane. Arti ya asubuhi na ya jioni itaendelea katika hekalu kuu kama ilivyo desturi, kengele na sankha zitalia, ila vipaza sauti vya nje vitazimwa. Kuhusu Ekadashi, tulikaa na kalenda. Ekadashi huja mara mbili kwa kila mwezi mwandamo, na kati ya moja na nyingine kuna takriban siku kumi na tano. Kozi, pamoja na siku ya kufika na siku ya kuondoka, huchukua siku kumi na mbili. Ikianza siku inayofuata Ekadashi, itakwisha kabla ya nyingine kufika, na hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya mfungo wake na kanuni ya kozi. Siku za Navratri dharmashala haitatolewa. Jiko litapika bila nyama, bila mayai, na bila vitunguu wala vitunguu saumu, ili kila mmoja wetu aweze kula.

Wasia wa tatu ni usalama wa watu. Kengele hulia saa kumi alfajiri, kutafakari huchukua takriban saa kumi kwa siku, na mwanafunzi hasemi na mwenzake mpaka siku ya kumi. Hilo si jambo dogo. Ukimya humwinulia mtu yaliyolala. Fomu ya maombi inauliza juu ya maradhi ya akili na dawa anazotumia mtu. Isomeni fomu hiyo kama mhasibu asomavyo hesabu, mstari kwa mstari. Mwenye maradhi mazito ya akili msimpokee, hata akiwa mtoto wa mdhamini, hata familia yake ikilia mbele yenu. Msimwambie mtu aache dawa ya daktari. Kozi si hospitali. U Ba Khin alilisema hilo kwa mtu mwenye kipandauso, nanyi lisemeni. Na mtu akizidiwa katikati ya kozi, mwongozaji amwite daktari na jamaa zake saa hiyo hiyo. Kunyamaza ni kanuni ya wanafunzi. Mwongozaji hanyamazi mbele ya hatari. Akina mama nao wakae upande wao, wakihudumiwa na wanawake wenzao.

Wasia wa mwisho ni fedha. Kozi hii haina ada. Mchango hupokewa tu kwa aliyekwisha kumaliza kozi ya siku kumi, na mwongozaji halipwi. Katika jamii yetu hili lina mtihani wake, maana sisi ni wepesi wa kutoa na wepesi wa kutaka jina liandikwe. Tajiri akitaka kulipia wageni wote kabla hajakaa hata siku moja, mwambieni kwa adabu asubiri. Msipokee bahasha wala zawadi za binafsi, wala msitumie orodha ya wanafunzi kutafutia wateja. Nasi tunaahidi kwamba dharmashala haitatozwa kodi, na kwamba mlinzi wa lango letu na muuza mboga wa sokoni watapata nafasi kwa fomu ile ile ajazayo mwenye kiwanda, na watalala katika vyumba vile vile.

Ndugu waongozaji, babu zetu walipokata mbao na kupanga matofali ya nyumba hii, walitia neno dharmashala juu ya mlango wake, wakikusudia apumzike msafiri yeyote. Tunawakabidhi funguo kwa nia ile ile. Lindeni mlichopewa, nasi tutalinda paa lililo juu yenu.

Om shanti, shanti, shanti.