Tabibu wa Zahanati Naye Hurudi Darasani



Huko Uingereza wananchi huandikishwa kwa daktari wa familia, na tangu mwaka 2012 daktari huyo hutakiwa kuthibitisha kila baada ya miaka mitano kwamba elimu yake haijapitwa na wakati. Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kazi ya daktari wa familia aghalabu hufanywa na tabibu wa zahanati. Ndiye ampokeaye mtoto mwenye homa usiku wa manane, mama mjamzito wa Ileje, na dereva wa lori aliyekwama Tunduma akingojea kuvuka kwenda Nakonde. Mara nyingi hana mwenzake wa kumwuliza jambo linalomtatiza.

Tabibu huyo aitwapo mafunzoni, manung'uniko huzuka kijijini. Wagonjwa humkuta muuguzi peke yake na foleni ndefu, pengine hata mlango umefungwa. Husemwa kwamba mtu aliyekwisha kupata cheti hana la kujifunza tena. Ajabu ni kwamba kauli hiyo hutoka hata kwa wakulima ambao wasingekubali bwana shamba aje na ushauri wa miaka thelathini iliyopita juu ya kahawa yao.

Malaria yatosha kuwa jibu. Tabibu aliyehitimu mwaka 1995 alifundishwa kwamba dawa ya kwanza ni klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha dawa hiyo kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea, ikashika SP. Hiyo nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza kuingia dawa mseto. Baadaye vikaja vipimo vya haraka, na kwa malaria kali sindano ya artesunate ikachukua nafasi ya kwinini. Tabibu ambaye angebaki na daftari lake la chuoni angekosea karibu kila hatua ya ugonjwa ule ule mmoja, tena kwa nia njema kabisa.

Na kukosea huko huua. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea vya malaria katika damu. Waliosalia waliugua maradhi mengine, baadhi yao hawakupewa dawa ya kuua bakteria, na vifo kati ya waliozidiwa vilikuwa vingi kuliko kwa wale wenye malaria ya kweli. Jambo hili lawahusu hasa wanachama wa nyanda za juu za Mbozi, ambako baridi hupunguza malaria. Homa ya huko si lazima iwe homa ya Kamsamba bondeni, na atakayeitofautisha ni tabibu aliyefundishwa kupima kabla ya kutibu.

Faida ya mafunzo nayo imepimwa hapa hapa nchini. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini watumishi wengi wa zahanati na vituo vya afya walipewa mafunzo ya siku 11 ya kumchunguza mtoto mgonjwa kwa jumla, si kuitazama homa peke yake. Wilaya hizo zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo hayakuwa yametolewa. Ilipofika mwaka 2002, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizofundishwa, wala gharama ya kumtibu mtoto haikuzidi. Lakini hapana budi kuongeza kwamba wilaya hizo zilisaidiwa pia kupanga vema fedha na usimamizi wa huduma. Semina peke yake, kisha tabibu akarudi kwenye kabati lisilo na dawa, haiponyi mtu.

Vyama vya ushirika vinalijua jambo hili. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na tangu zamani makatibu na watunza hesabu wamekwenda huko kusoma wakiwa tayari kazini. Huko nako lawama hazikosekani, hasa katibu arudipo na cheti na masimulizi ya posho huku vitabu vya hesabu vikiwa vile vile. Lawama ya namna hiyo ni ya haki, na tabibu naye astahili kuulizwa vivyo hivyo: amerudi na nini, na wenzake wa zahanati amewafundisha lini?

Mahali pa kuuliza papo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za kuendeshea zahanati hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe, na kamati ya usimamizi, ambamo wananchi huwakilishwa, huujadili mpango wa matumizi. Mwanachama aliyemo katika kamati hiyo asikimbilie kufuta nauli ya mafunzo ili kupunguza gharama. Aulize badala yake ni nani atakayeshika zamu siku hizo, kama zahanati ya jirani yaweza kuazima mtumishi, na kama tarehe zaweza kusogezwa zisigongane na kliniki ya watoto. Maswali hayo yaulizwe mapema, barua ya wito ikiwa ingali mezani.