Kuvuta ni Kazi Moja, Kusimamisha ni Kazi Nyingine

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Karatu)



Awali ya yote nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama katika bwalo hili. Mara ya mwisho niliposimama hapa mbele nilikuwa zamu ya kugawa uji. Katibu aliponiandikia barua alipendekeza niseme juu ya mchango wa msomi katika maendeleo. Hotuba za namna hiyo nimeziandika nyingi kwa niaba ya wakubwa wangu, na sina hakika kama yupo aliyezikumbuka hadi saa ya chakula. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nizungumzie jambo dogo zaidi, nalo ni kuvuta tela kwa gari la kifahari. Wenye kucheka wacheke sasa, maana mbele kidogo tutafika mahali ambapo mimi sikucheka.

Wenzangu mnakumbuka kwamba tulipokuwa hapa miaka ya 1990, safari ya kutoka Makuyuni ilikuwa ya vumbi tupu wakati wa kiangazi na tope tupu wakati wa masika. Lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilituondolea mashimo. Lakini lami haikuuondoa mlima. Kutoka Rhotia hadi Mto wa Mbu barabara bado inateremka ukuta wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, na ziwa Manyara likiwa chini kama sahani.

Miaka michache iliyopita nilinunua gari. Si gari la kazi, wala si gari dogo la mjini. Ni lile la ukubwa wa kati, lililoinuka kidogo, lenye viti vya ngozi na injini yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Sikatai kwamba nililipenda mno. Mwaka huohuo shamba la marehemu baba pale Rhotia lilizaa vizuri, na mama alitaka mahindi yake yapelekwe Arusha, ambako alikuwa anakwenda kukaa kwa dada yangu. Nikauliza bei ya kukodi Fuso, nikaona ni kubwa. Nikaazima tela, nikampelekea kijana mmoja wa kuchomelea anifungie chuma cha kuvutia, tukapakia magunia 12.

Wakati tunapakia alipita mwenzetu mmoja wa darasa. Simtaji jina kwa sababu yumo humu ndani na ameniomba nisimtaje. Yeye hakufaulu mtihani wa kidato cha nne. Alikwenda kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, baadaye akawa dereva wa watalii, akivuta matela ya mahema na vyakula kupandisha Ngorongoro mpaka Serengeti. Alilizunguka tela langu mara moja, akainama kutazama magurudumu, akaniuliza:

"Ndugu yangu, tela hili lina breki?"

Nikamjibu kwamba gari lenyewe lina nguvu za farasi zaidi ya 200.

Akasema, "Sikukuuliza nani atalivuta. Nimekuuliza nani atalizuia."

Nilicheka, nikampa mkono, nikaondoka. Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, na cheti changu cha fizikia kilikuwa kizuri kuliko chake.

Ndugu wanafunzi, hapa naomba mchukue penseli. Gunia moja lilikuwa na kilo 100. Magunia 12 ni kilo 1,200. Tela lenyewe kilo 300. Jumla kilo 1,500. Gari pamoja na sisi tuliomo ni kilo 1,800 hivi. Kwa pamoja tulikuwa tani tatu na kitu. Chukueni tani tatu kamili. Kila zinapoteremka mita 100 kwenda chini, nishati yake hailali, lazima iende mahali. Kama dereva anategemea breki peke yake, inageuka kuwa joto katika breki. Joto la mita 100 hizo linatosha kuchemsha karibu lita 9 za maji. Mita 200, karibu ndoo nzima. Sasa fikirini ndoo hiyo imeinjikwa juu ya magurudumu manne ya gari lililotengenezwa kujisimamisha lenyewe tu.

Kupita Rhotia yote yalikuwa mema. Gari lilivuta kana kwamba nyuma hakuna kitu, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; mimi niliyekaa kwenye ngozi sikuusikia. Tulipoanza kuteremka niliacha gia ijichague yenyewe na mguu nikauweka kwenye breki. Kona ya kwanza ilipita salama. Baada ya ya pili nilisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Baada ya ya tatu breki ililainika chini ya mguu wangu, ikaenda mbali kuliko kawaida, na gari halikupunguza mwendo. Hapo tela likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, na kila likiyumba lilitikisa mkia wa gari. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Hakupiga kelele. Alianza kusali kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani.

Mbele yetu alikuwa anapanda kijana wa pikipiki. Niliona macho yake. Nikakata usukani upande wa mlima, tukaingia mtaroni, ubavu wa gari ukasugua mwamba, na tela likapinduka katikati ya barabara. Kijana alikuwa ameruka. Pikipiki ilianguka upande mmoja na yeye upande mwingine. Aliinuka akiwa amechubuka viwiko. Jambo la kwanza alilofanya ni kuja dirishani kuuliza kama mama ni mzima.

Mama alikuwa mzima. Mahindi yalitapakaa barabarani, na kabla hatujaokota gunia la pili nyani wa Manyara walikuwa wamekwisha kuarifiana. Walikula mavuno ya mama mbele ya macho yake. Ndipo alipoongea na mimi kwa mara ya kwanza: "Mwanangu, ungeniambia tunawalimia hawa, nisingepalilia mara mbili."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilipona. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu ya macho ya yule kijana. Nililipia pikipiki yake, nikamlipa mama thamani ya mahindi, kisha nikafanya lile ambalo lilinipasa kufanya mwanzo. Nilifungua kitabu cha gari, halafu nikaenda kumtafuta mwenzetu.

Kitabu kilisema wazi. Gari linaruhusiwa uzito mmoja kwa tela lenye breki zake, na uzito mdogo zaidi kwa tela lisilo na breki. Ndivyo yalivyo magari mengi ya namna hii. Volvo XC90 iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, kwa mfano, katika baadhi ya aina zake za dizeli ilipewa kilo 2,700 kwa tela lenye breki, na kilo 750 tu kwa lisilo nazo. Injini ni ileile. Kinachobadilika ni nani atasaidia kusimamisha. Hata sheria za Ulaya zinataka tela linalozidi kilo 750 liwe na breki zake. Langu lilikuwa kilo 1,500, bila breki yoyote.

Mwenzetu hakunisimanga. Aliniambia, "Njoo twende Ngorongoro." Wakati huo nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wa klabu ya mazingira kwamba nitawabebea mahema na vyakula hadi kambi ya Simba, juu ukingoni mwa Kreta. Basi hiyo ndiyo ikawa shule yangu ya pili, naye akawa mwalimu wangu.

Kwanza alikiondoa kile chuma kilichochomelewa. Land Rover za zamani zilijengwa juu ya fremu nzito ya chuma, lakini mengi ya magari haya ya kifahari hayana fremu hiyo. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Chuma cha kuvutia lazima kifungwe kwa bolti mahali palepale walipopaandaa waliolibuni gari. Pili, alitafuta tela lenye breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mkono wake mbele, na msukumo huo ndio unaozifunga breki za tela. Tatu, alipakia vitu vizito karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo, mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ilipoegemea gari. Alipima kwa mizani ya bafuni. Mzigo ukikaa nyuma mno, mkia wa gari unanyanyuka na tela linaanza kucheza. Madumu ya maji aliyajaza pomoni, kwa sababu maji ya nusu dumu yanakimbia huku na huko. Mwisho alipitisha minyororo miwili ya usalama kwa kuipishanisha chini ya mkono wa tela.

Kutoka hapa Karatu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, tulipanda hadi ukingoni, zaidi ya mita 2,200. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kupita lango la Lodoare tuliingia msituni, ukungu mzito, na nyati wawili wakasimama njiani kana kwamba wao ndio wakaguzi. Tukangoja. Mwenzetu hakupiga honi.

Siku ya kurudi, kabla ya mteremko alinisimamisha. "Gia ya kuteremkia," alisema, "ichague ukiwa bado juu." Niliweka gia ya pili, injini ikanguruma na kulishika gari, na breki nikazigusa kwa muda mfupi mfupi, nikiziachia zipoe. Akaniambia pia kwamba tela likiyumba nisikanyage breki kwa nguvu wala nisipigane na usukani. Niondoe mguu kwenye mafuta, nishike usukani sawasawa, nitulie. Tulifika langoni bila harufu yoyote. Watoto wa watu waliokuwa kwenye basi nyuma yetu walikuwa wanaimba.

Ndugu Mwenyekiti, sisi tuliosoma tumefundishwa sana kuvuta: kuvuta madaraka, kuvuta miradi, kuvuta fedha. Tunasifiwa kwa ukubwa wa mzigo. Ni nadra mtu kutuuliza tutausimamisha vipi pale njia inapoteremka na mama zetu wamo ndani. Vijana wangu, akitokea mtu wa kukuuliza swali hilo, usimwulize cheti chake.

Yule kijana wa pikipiki nilimwalika leo. Amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Naomba tumpigie makofi, kisha twende tukale.