Nywele Getini

Msikilizaji, Januari 2019 msichana aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule moja ya umma mtaani Kibra, Nairobi, alifika shuleni kichwa kimefungwa kilemba. Wakuu wa shule wakamwambia akivue. Chini yake wakaona rasta. Akaambiwa aende nyumbani, na asirudi mpaka awe amenyoa.

Baba mtu akashika njia ya mahakamani. Wao ni Warastafari, na kwao kunyoa si jambo la kuamuliwa na mwalimu wa zamu. Mahakama Kuu ikaamuru mtoto arudi darasani kesi ikiendelea, na Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, kwa hiyo shule haikuwa na haki ya kumlazimisha anyoe.

Hukumu nzuri. Ila kuna mtoto mmoja iliyemwacha nje ya geti: yule asiye na dini ya kumtetea nywele. Yeye anazipenda tu. Na hata mwenye dini asijione amefika, kwani Januari ileile Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya 2016 iliyowaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Ilifutwa kwa hoja za utaratibu wa kesi. Tangu hapo tumekwama palepale: hii ni dini, au si dini? Mimi nauliza jingine. Huyu mtoto alitenda kosa gani kubwa hata anyimwe somo?

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Walimu wengi wakajikuta wamebakiwa na adhabu moja wanayoiona ina meno: nenda nyumbani, urudi na mzazi. Mwenye kuiba simu, geti. Mwenye kumpiga mwenziwe, geti. Mwenye sketi iliyopanda juu ya goti, geti. Mama anafunga kibanda chake cha mboga, anapanda matatu, anafika kuambiwa suruali ya mwanawe imebana miguuni. Mauzo ya siku yamepotea, nauli imekwenda, na hesabu iliyofundishwa asubuhi ile haitarudiwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Sisemi sare zifutwe. Sare inamsitiri mtoto wa maskini, na ususi unakula fedha na Jumapili nzima. Mwalimu anayesema hivyo ana hoja. Basi na aiseme. Anayemwadhibu mtoto kwa kupoteza muda wa masomo saluni, halafu akamtoa darasani wiki nzima, amepoteza muda mwingi kuliko msusi.

Tusidhani haya ni yetu peke yetu. Huko Texas, Marekani, katika wilaya ya shule ya Barbers Hill, kijana mmoja Mweusi alimaliza sehemu kubwa ya mwaka wa masomo ulioanza Agosti 2023 akiwa ametengwa na darasa lake. Rasta zake alikuwa amezifunga utosini. Kosa ni kwamba zingeshuka chini ya masikio kama angezifungua. Kama angezifungua! Sheria mpya ya jimbo, iliyokataza ubaguzi wa mitindo ya nywele, ilianza kazi Septemba mwaka huo. Februari 2024 jaji wa jimbo akasema sheria hiyo haikutaja urefu, kwa hiyo shule haijaivunja. Agosti, jaji wa mahakama ya shirikisho naye akatupilia mbali karibu madai yote ya familia. Akabakiza moja: ubaguzi wa jinsia. Wilaya ilikuwa haijatoa sababu yoyote ya kuwawekea wavulana kipimo cha nywele ambacho wasichana hawana. Mwaka huohuo kijana akahama shule.

Hapo kwenye jinsia ndipo penye mzizi, na kwetu pia. Msichana akipigishwa magoti ili sketi yake ipimwe kwa umbali kutoka sakafuni, na mvulana akiulizwa mbele ya gwaride kama amekuwa msichana kwa sababu ya nywele au hereni, kinachokaguliwa si usafi. Kinachokaguliwa ni kama huyu amekaa kike vya kutosha, na yule kiume vya kutosha. Nani aliyeandika kipimo hicho? Kwa Wamaasai, moran ndiye anayefuga nywele ndefu, akazisuka na kuzipaka ngeu, naye mama yake kichwa kinang'aa kwa kunyolewa. Kiume chao ndicho kike cha jirani, na wote ni Wakenya.

Na kuna Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyepewa cheo cha Field Marshal. Rasta za msituni alizibeba miongo kadhaa baada ya vita, mpaka Aprili 2022 alipoamua mwenyewe zikatwe, na Mama Ngina Kenyatta ndiye aliyeshika mkasi. Uamuzi ulikuwa wake. Mjukuu wake angefika getini na nywele kama zile, tungemwelekeza kwa kinyozi.

Mzazi unayenisikiliza, mkutano wa shule wa muhula huu utakuwa na ajenda ndefu: basi, bwalo, karo. Kabla hawajafika kwenye basi, omba usomewe kitabu cha nidhamu. Usitake majina ya watoto. Uliza wangapi walirudishwa nyumbani muhula uliopita kwa nywele, sketi au suruali, wangapi kati yao ni wasichana, na kila mmoja alikosa vipindi vingapi. Kisha muulize mwalimu mkuu nani aliwafundisha vipindi hivyo waliporudi.