Lugha Haiishi kwa Sherehe Pekee

Hotuba kwa wazee, wazazi na walimu wa chekechea, Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, 21 Februari



Nchini Marekani, katika jimbo la Iowa, kuna mji mdogo uitwao Decorah. Watu wengi kutoka Norwei walihamia huko katika karne ya 19. Kila Julai barabara za mji huo hujaa wajukuu wao waliovaa mavazi ya asili. Watoto hucheza ngoma za mababu, na wapishi huuza lefse, mkate mwembamba wa viazi unaofanana na chapati. Wageni huingia makumbusho ya Vesterheim kutazama vyombo na masanduku ya wahamiaji. Sherehe hiyo, Nordic Fest, ilianza mwaka 1967.

Lakini kijana wa hapo akisemeshwa Kinorwe, mara nyingi atatabasamu tu. Mavazi yapo, chakula kipo, ngoma ipo; lugha imeondoka. Zamani haikuwa hivyo. Decorah ilikuwa na gazeti lake la Kinorwe, Decorah-Posten, lililoanzishwa mwaka 1874. Lilifungwa mwaka 1972, miaka mitano tu baada ya sherehe kuanza.

Lugha hiyo iliondokaje? Sababu ya kwanza ni hofu. Mei 1918, Marekani ikipigana vita na Ujerumani, Gavana wa Iowa, William L. Harding, aliamuru Kiingereza pekee kitumike shuleni, kanisani, katika treni, kwenye simu na mahali pote pa hadhara. Amri ilichochewa na chuki dhidi ya Kijerumani, lakini iliwafunga midomo Wanorwe, Waswidi na Wadenmaki pia. Huko Scott County, wanawake walitozwa faini kwa kuongea Kijerumani kwenye simu.

Amri iliondolewa Desemba mwaka huo huo, vita vilipokwisha. Hata hivyo, si kila nyumba ilirudia lugha yake. Hapo ndipo sababu ya pili ilipoingia: kimya cha nyumbani. Wazazi waliona kazi na heshima viko katika Kiingereza. Lugha yao wakabaki kuitumia wenyewe kwa wenyewe, hasa walipotaka watoto wasielewe. Watoto wakakua wakijua jina la kila chakula, lakini wasiweze kumwuliza bibi ameamkaje.

Wapo walioona kosa hilo na kuanza kulirekebisha. Wazao wa Wajerumani katika miji mbalimbali huwa na Stammtisch, yaani meza ya kawaida: watu wale wale, siku ile ile, kikombe mkononi, wakiongea Kijerumani. Katika jimbo la Minnesota, chuo cha Concordia kilianzisha kambi ya watoto ya Kijerumani mwaka 1961. Baadaye zikaja za Kinorwe, Kiswidi na Kidenmaki. Humo watoto hula, hucheza na hununua peremende kwa lugha hiyo. Sherehe hukumbusha, meza hufundisha.

Kenya nayo inaijua hofu hiyo. Wengi waliopo hapa wanakumbuka kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyeongea lugha ya mama shuleni. Kibao hicho na faini ya Iowa ni ndugu.

Leo sheria iko upande wa lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na elimu ya chekechea. Lakini sheria haimwimbii mtoto usiku.

Wazee, tengeni saa moja kila wiki, mkae na wajukuu na kuwasimulia hadithi kwa lugha yenu. Walimu, waiteni wazee hao darasani. Wazazi, anzeni jioni ya leo kwa salamu na mazungumzo ya mezani, na mtoto akikosea asichekwe. Kiswahili na Kiingereza hatavikosa. Atavipata shuleni na barabarani. Lugha ya nyumbani isipopatikana nyumbani, haina pengine pa kupatikana.

Samaki mkunje angali mbichi.